Finishi ya udi au gitaa ulilochonga mwenyewe: mwongozo kamili kwa sisi wa Pwani

Udi wangu wa kwanza niliumaliza mwezi wa nne, masika imekolea kweli kweli hapa Dar, na kwa vile nilikuwa na hamu ya kuuona unang'aa nikaubeba mpaka kwa jamaa mwenye kompresa nikamwambia piga klia, ile vanishi isiyo na rangi, kote kote, mgongo, shingo na uso. Akapiga. Dakika kumi tu udi ukawa mweupe kama umemwagiwa maziwa, tukapiga koti nyingine juu yake ukazidi. Ulipokauka nikafunga nyuzi, na hapo ndo nikajua kumbe weupe ulikuwa msiba mdogo, mkubwa ulikuwa sauti, yaani ni kama unagonga ndoo iliyojaa mchanga. Wiki nzima nilikuwa na kipande cha kioo na msasa nakwangua kitu ambacho nilikilipia.

Tangu hapo nimechonga vingine, vingine nimeviharibu pia, na kitu kimoja nimekishika: ukienda dukani kuuliza "vanishi gani nzuri" umeshaanza vibaya. Swali la kwanza ni hili, siku chombo kikikwaruzika nani atakitengeneza, wapi, na kwa kitu gani kinachopatikana mtaani kwenu? Ukilijibu hilo, nusu ya makopo ya dukani yanajiondoa yenyewe.

(Kabla sijaendelea, udi ninaouongelea hapa ni ule wa kupiga, wa taarabu, sio wa kufukiza. Ingawa na ule wa kufukiza tutautaja kidogo mbele.)

HATUA YA 1: Kigawe chombo vipande vipande kichwani mwako

Kosa letu wengi ni kufikiri finishi, yaani ule upako wa mwisho juu ya mbao, ni moja kwa chombo kizima. Hapana. Uso, yaani ule ubao mwembamba wa mbele, ndo unaotoa sauti. Kwenye udi una unene wa kama milimita 1.5 mpaka 2, kwenye gitaa la kawaida kama 2.5 mpaka 3. Sasa ubao wa milimita mbili ukiupaka koti kumi za kitu kizito umeuvalisha koti la mvua na kumwambia acheze ngoma. Ndo maana udi nyingi za Kiarabu zimeachwa uso mtupu kabisa, hakuna kitu, au zimepakwa kidogo sana kiasi kwamba huoni.

Mgongo una uvumilivu zaidi, pale unaweza kupendezesha. Shingo inashikwa masaa yote kwa hiyo inataka kitu kisichonata mkono ukitoka jasho. Ubao wa vidole kama ni mpingo usiupake kitu cha ngozi juu, usugue tu na mafuta kidogo ufute, basi. Na pale daraja, kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi usoni, litakapogandishwa usipake chochote, gundi ya mbao haishiki juu ya vanishi. Mimi huwa nachora umbo la daraja kwa penseli kisha nabandika selotepu ya karatasi ndani ya mstari, naiacha mpaka mwisho. Niliwahi kusahau, daraja likang'oka usiku lenyewe, mlio wake nilidhani mwizi kavunja dirisha.

Kwa wenye zeze, kibuyu kinakubali mafuta na nta ya nyuki vizuri tu. Ile ngozi usiipake vanishi, itakakamaa.

HATUA YA 2: Ijue mbao yako

Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe spiriti, sugua sehemu ya mbao isiyoonekana. Kitambaa kikitoka na rangi nyekundu au kahawia jua kwamba ukipaka shelaki (finishi ya kuyeyusha kwenye spiriti, nitaieleza Hatua ya 4) karibu na mstari mweupe wa mapambo au karibu na uso, rangi itahamia huko. Mbao nyekundu za ukoo wa mninga ndo za kuziangalia sana hapa. Dawa yake ni kupaka sehemu nyeupe kwanza kwa brashi ndogo, koti mbili za shelaki, iwe ngao.

Mpingo na ndugu zake wa ukoo mmoja wana kitu ndani kinachozuia mafuta na vanishi za mafuta zisikauke. Unapaka leo, wiki ijayo bado inanata kama halua. Mtiki nao una mafuta yake. Kwa hizo futa na asetoni, subiri dakika chache ipae, halafu ziba na shelaki iliyotolewa nta kabla hujaweka kitu kingine chochote. Shelaki inashika karibu kila mahali na karibu kila kitu kinashika juu yake, ilimradi nta imetolewa.

Mninga, mvule na mkangazi zina vinyweleo vikubwa, vile vitundu vya mbao unavyoviona kama michirizi. Ukitaka mgongo uwe kama kioo lazima uvijaze. Usipotaka, acha, mimi siku hizi naviacha wazi kwenye mkangazi na hakuna mpigaji aliyenilalamikia.

Halafu vumbi la mpingo. Ukipiga msasa ubao wa vidole wakati uso wako mweupe bado mtupu, lile vumbi jeusi linaingia ndani ya uso na halitoki. Ziba uso kwanza.

HATUA YA 3: Nani atapiga na atakaa wapi

Uliza maswali ya kizushi. Mpigaji anatoka jasho sana? Mkono wa kulia unalala juu ya ukingo wa udi masaa matatu ya harusi, pale finishi ndo inapoliwa. Anajipulizia manukato? Usicheke, manukato mengi ya dukani ni spiriti na spiriti inayeyusha shelaki, nimeona udi una alama ya vidole vinne mgongoni kwa sababu mtu alijipulizia mkononi halafu akaushika. Na moshi wa udi wa kufukiza ukikaa chumba kimoja na chombo miaka na miaka unaacha utando wa njano juu ya finishi, ingawa huo unafutika.

Chombo kitalala kwenye gari juani? Shelaki inaanza kulainika joto likifika kama nyuzi 65 na kuendelea, na ndani ya gari lililofungwa mchana wa Dar dashibodi haiko mbali na hapo. Ila ukweli mwingine ni kwamba kwenye joto hilo hata gundi inaachia, kwa hiyo shida yako sio finishi tena.

HATUA YA 4: Finishi zenyewe

Naanza na ninayoipenda. Shelaki inatokana na utomvu wa mdudu mdogo anayekaa kwenye miti huko India na Thailand, inauzwa vipande vyembamba kama magamba, unayeyusha kwenye spiriti. Faida yake kubwa ni kwamba koti jipya linayeyusha la zamani, vinakuwa kitu kimoja, kwa hiyo mkwaruzo unaurekebisha miaka kumi baadaye na mstari hauonekani. Ni nyembamba mno, haibani sauti, na haihitaji kompresa wala umeme, kitambaa na mkono wako tu. Ubaya: maji yakikaa yanaacha duara jeupe, spiriti inaiyeyusha, jasho kali linaila taratibu. Kwa udi na gitaa la nyuzi za nailoni mimi sina mjadala, shelaki.

Ya pili ni mafuta. Linsidi, yaani mafuta ya mbegu za kitani, au yale mafuta yaliyochanganywa na vanishi yanayouzwa kwa ajili ya vitako vya bunduki, ambayo mafundi gitaa wengi wa Marekani wanapaka shingo. Rahisi kuliko zote, unapaka, unasubiri dakika kumi, unafuta yote, kesho tena. Shingo inakuwa laini ajabu. Usipake linsidi mbichi kwenye uso, inazama ndani na inachukua siku nyingi kukauka, sauti inafifia. Na hapa nisikilize vizuri, kitambaa chenye linsidi ukikikunja ukakitupa kwenye ndoo ya taka kinapata moto chenyewe, bila kiberiti, kwa sababu mafuta yakikauka yanatoa joto na kitambaa kilichokunjwa kinalifungia ndani. Karakana zimeungua hivyo. Kitandaze nje au kiloweke majini.

Vanishi ya mafuta ndo ya fidla. Watu wanasimulia hadithi nyingi kuhusu siri ya Stradivari, yule fundi fidla maarufu wa Italia, lakini watafiti wa Ufaransa walipochunguza vyombo vyake vitano na kutoa matokeo mwaka 2009, walikuta mafuta yanayokauka yameingia kwenye mbao na juu yake mafuta yaliyochanganywa na utomvu wa miti, pamoja na rangi nyekundu kwenye baadhi. Vitu vya kawaida vya wachoraji wa zama zake. Na sisi tusijione wageni kwenye hili, karne ya 19 sandarusi, utomvu wa miti uliogandana ardhini, iliyochimbwa Mrima ilipita Unguja kwenda Salem kule Marekani na kwenda Ulaya kutengenezea vanishi ngumu, magari ya farasi ya wakubwa yaling'aa kwa utomvu wa kwetu. Ila usijaribu kuipika mwenyewe, sandarusi haiyeyuki kwenye mafuta mpaka uikaange kwenye moto mkali mno, na hapo mvuke wake unawaka.

NC, ile klia ya mafundi fanicha inayopunguzwa na thina. Viwanda vya gitaa vya Marekani viliitumia miongo mingi, inang'aa vizuri, inakauka haraka, koti zinayeyukiana kama shelaki kwa hiyo inarekebishika. Adui yake ni unyevu. Thina inavyopaa inapoza uso wa mbao, mvuke wa hewani unatua pale kama umande kwenye chupa ya soda baridi, unanaswa ndani, ndo ule weupe wangu wa mwezi wa nne. Tena inawaka kama petroli.

Klia za magari zile za kuchanganya na hadna (dawa ya kuzigandisha) ni ngumu kama kioo na jamaa wa gereji atakwambia anakupigia bei poa. Kwa gitaa la umeme sawa, pale ubao ni mnene na hausikii. Kwa chombo cha uso mwembamba, achana nayo: ikipasuka hairekebishiki, unakwangua yote. Na hadna yake ina sumu inayoweza kukupa pumu ya maisha, barakoa ya kitambaa haisaidii kitu. Zile za maji nazo zipo, zimeboreka siku hizi, hazinuki, lakini kwenye unyevu wa pwani zinachelewa kukauka na huku kwetu kuzipata zenye ubora ni bahati nasibu.

HATUA YA 5: Kipande cha majaribio

Ile mbao iliyobaki ulipokata mgongo usiitupe. Ipige msasa ule ule, ipake ile ile, idadi ya koti zile zile, mpaka mwisho, kabla hujagusa chombo. Ikikauka idondoshee tone la maji nusu saa, isugue na mkono wenye jasho, ikwaruze kwa kucha kisha ujaribu kuirekebisha. Najua unaona uvivu. Mimi pia nilikuwa naona uvivu.

HATUA YA 6: Msasa

Anza 120 au 150, nenda 180, 220, malizia 320. Usiruke namba, mikwaruzo ya 120 haionekani kwenye mbao kavu ila ukiweka finishi inajitokeza yote. Kabla ya msasa wa mwisho pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo, nyuzi za mbao zitasimama, ziache zikauke halafu 320 kidogo tu kuzikata. Kwenye uso tumia ukwangulio au kipande cha kioo kilichovunjika vizuri kama wazee wa fanicha wanavyofanya, msasa mwingi unakula mbao laini na kuacha mistari migumu imesimama kama matuta ya mihogo.

HATUA YA 7: Kupiga shelaki kwa mkono

Hii ndo tunaita frenchi polishi. Pima gramu 30 za shelaki kwa mililita 250 za spiriti, iache usiku kucha, itikise mara kwa mara, kisha ichuje kwa kitambaa cha pamba. Andika tarehe kwenye chupa, ikipita miezi sita jaribu tone kwenye kioo kwanza, isipokauka ikawa ngumu mwaga. Spiriti iwe safi kadiri unavyoweza, ile ya zambarau ya taa inafanya kazi kwenye mgongo wa rangi nzito ila mara nyingi ina maji na ina rangi. Na kuna bwana mdogo mmoja aliniuliza kama gongo inafaa. Haifai, maji ni mengi, tafuta matumizi mengine.

Tengeneza donge: pamba au sufu ndani, nje kitambaa cha pamba kilichofuliwa sana kisichoacha nyuzi, kanzu kuukuu ndo mahali pake. Likae mkononi kama yai, chini pasiwe na mkunjo hata mmoja. Lihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko lisikauke.

Unalilowesha shelaki kidogo, unaligonga kwenye karatasi lisidondoshe, halafu unaingia kwenye mbao huku mkono tayari unatembea, kama ndege inavyotua, na unatoka hivyo hivyo. Usisimame juu ya mbao. Ukisimama hata sekunde moja donge linanata na kung'oa ulichokijenga. Koti za kwanza nyoosha kufuata mbao. Kama unajaza vinyweleo, nyunyiza unga laini wa jiwe la pumisi kidogo mno, sugua kwa miduara na donge lenye spiriti nyingi kuliko shelaki, ule unga unachanganyika na vumbi la mbao yenyewe na kuziba. Kazi ya siku mbili tatu hiyo, na mkono utauma.

Baada ya hapo miduara, kisha namba nane, kisha kunyoosha. Donge likianza kukwama weka tone moja la mafuta ya zeituni kwa ncha ya kidole, tone, sio kijiko. Kila kikao dakika 20 mpaka 30, halafu acha mpaka kesho. Mgongo unataka kama vikao sita mpaka kumi. Kati kati pitisha msasa wa 600 kwa mkono mwepesi palipoinuka. Mwisho unayatoa yale mafuta kwa donge jipya lenye spiriti tupu kidogo sana, linakaribia kuwa kavu, pitisha haraka haraka moja kwa moja. Likiwa limelowa utafuta kazi ya wiki nzima kwa sekunde tano.

Uso wa udi je? Mimi napitisha donge mara mbili au tatu tu, shelaki nyembamba, bila mafuta, bila unga. Inatosha kuzuia uchafu na jasho. Pale risha, kile kijiti cha kuchapia nyuzi, linapochapa nabandika kipande chembamba cha mbao, shelaki peke yake haivumilii.

HATUA YA 8: Ukilazimisha NC

Subiri kipupwe. Mwezi wa sita mpaka wa tisa ndo msimu wetu, masika na vuli kaa mbali. Nunua haigromita ndogo, yaani kipima unyevu wa hewa, unyevu ukizidi asilimia 65 usiwashe kompresa. Piga kati ya saa nne asubuhi na saa tisa, umande umeshaondoka na wa jioni haujaanza. Mafundi wengi wanamwagia maji sakafuni kutuliza vumbi dakika tano kabla ya kupiga, wenyewe wanajiongezea unyevu, mwagia jana yake jioni. Punguza na thina nusu kwa nusu, koti tatu kwa siku basi, jumla sita mpaka tisa kwa mgongo na chini ya hapo kwa uso. Ikianza kuwa nyeupe usipige klia juu, pulizia thina yenye ritada (dawa ya kuchelewesha kukauka) peke yake, nyembamba, itafunguka unyevu utoke. Mimi hakuna aliyeniambia.

Halafu subiri wiki tatu mpaka nne kabla ya kusawazisha na msasa wa maji 800, 1000, 1500, 2000 na kung'arisha. Na usikiegemeze kwenye stendi yenye mpira, mpira unakula NC na kuacha alama mbaya.

HATUA YA 9: Kusubiri

Hapa ndo tunapoharibu. Kining'inize chombo kwenye kamba, kivulini, penye upepo, sio juani maana jua linachemsha kilichopo juu huku chini bado kibichi. Shelaki ipe wiki mbili kabla ya nyuzi, mafuta wiki mbili pia, NC mwezi. Jaribu kwa kubonyeza kidole gumba pale chini kabisa ya mgongo, penye kificho, sekunde kumi. Alama ikibaki, bado.

Kingine, ingiza pua kwenye tundu la sauti unuse. Ukisikia spiriti au thina hata kwa mbali kirudishe kwenye kamba, hata kama mwenye harusi kashapiga simu mara tatu leo.